Mkono wa Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekitoa kile chombo kikubwa cha mjakaranda. Kimelala ndani ya gunia la maranda tangu mwaka jana. Kimekauka vizuri — hakina ufa hata mmoja!

Mti wenyewe ulianguka kwenye lango la chuo cha ufundi, pale nilipofundisha fizikia mpaka nikazeeka. Mkuu wa chuo alinipigia simu asubuhi ile ile. Mwalimu, alisema, usiache huu mti uwe kuni. Tutengenezee kitu tukiweke kwenye kabati la kioo mlangoni. Kitu chenu ninyi wawili. Yaani mimi na shemeji yangu. Mimi nakereza mti kwenye mashine inayouzungusha, yeye anatia nakshi. Ndivyo tulivyoishi tangu mashine za kuchapisha mabango zilipomnyang'anya kazi yake ya kuandika vibao vya maduka kwa brashi.

Chombo kimepinda, kimekuwa kama yai. Sishangai. Mti mbichi ukikauka hausinyai sawasawa: husinyaa zaidi kwa kufuata mzunguko wa pete zake kuliko kuelekea kwenye kiini. Ndiyo maana hukerezwa mara mbili. Mara ya kwanza ungali mbichi, na kuta zinaachwa nene. Mara ya pili ni baada ya kukauka na kupinda ulivyotaka wenyewe. Hapo ndipo unarudishwa kwenye duara. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wangu: mwache aonyeshe tabia yake kwanza, kisha umnyooshe. Mke wangu anasema mfano huo haufai kwa waume. Mume ukimwachia apinde, basi tena.

Jumatano, 5 Machi

Nimekereza kutwa. Nje kwanza, kisha ndani.

Ndani ndiko kwenye kazi. Mdomo wa chombo haupiti upana wa kikombe, lakini tumbo lake ni la mtungi. Unaingiza chuma chenye shingo iliyopinda, na jicho haliwezi kukifuata humo. Unafanya kazi kama kipofu, unaongozwa na sikio na kiganja. Ukizubaa — pu! — chuma kimetokea upande wa pili, na badala ya chombo umebaki na faneli ya kumiminia mafuta. Nimetengeneza faneli nyingi maishani mwangu. Leo hapana. Ukuta nimeuacha mnene kidogo kuliko kawaida yangu, maana kitakaa mahali pa watu, na watu hawaachi kushikashika.

Jioni alikuja shemeji. Hakupiga hodi, hajawahi. Tangu mkewe afariki, karakana hii ndiyo sebule yake.

"Shemeji, mashine yako ina kelele kuliko dada yangu!"

Nikamwambia apunguze sauti, dada yake yuko dirishani.

"Nimesikia," dirisha likajibu. "Chai yako leo haina sukari."

Shemeji akakizungusha chombo, akapitisha kidole gumba mdomoni mwake. Nilikupa dada mzima asiye na ufa, akasema, na baada ya miaka yote hii leo ndiyo unaanza kunilipa.

Mji mzima unamwita Mstari. Jina alipewa na vijana wa sokoni enzi zile. Alikuwa akisimama mbele ya ukuta mtupu wa duka, brashi mkononi, bila rula, bila uzi wa chaki, anavuta mstari kutoka mlango mmoja hadi mwingine kwa pumzi moja. Kuna waliokuja nyuma yake na rula kutafuta kosa. Waliondoka na rula zao.

Leo alishika kikombe cha chai kwa mikono miwili, kama mtoto. Na siku ilikuwa ya joto. Mke wangu alimtazama yeye, kisha akanitazama mimi. Mimi nikatazama chai.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepaka wino mweusi, mara tatu, na kuuacha ukauke kila mara. Chombo sasa ni cheusi tii. Kazi ya shemeji inaanzia hapo. Anakwangua weusi kwa kijisu chenye ncha kali mpaka weupe wa mti utokee. Mistari yake ni mkwaruzo mwembamba, mweupe juu ya giza. Nakshi yake ni mzabibu unaopanda kutoka kitako hadi shingoni, majani yakipishana. Kila jani ni mstari mmoja usiokatika: kutoka shina, kuzunguka ncha, kurudi shina. Nimewahi kumuuliza kwa nini hainui kisu katikati. Alisema ukiinua, jani linajua.

Leo amekaa kwenye benchi karibu na dirisha akaniambia nitoke.

"Nitoke kwenye karakana yangu?"

"Shemeji, sipendi kuchunguliwa. Kwani mimi ni mtihani?"

Miaka yote nimekaa pembeni yake nikinoa patasi huku akichora na kunisimulia umbea wa mtaa. Sijawahi kuwa mchunguzi. Nilitoka. Nikajifanya nina kazi ya kupalilia maua. Mke wangu alisema ninang'oa maua naacha magugu.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji anafunika chombo kwa kitambaa kila akiondoka. Leo nilikifunua.

Laiti nisingefunua.

Majani ya chini, karibu na kitako, si mabaya. Mtu asiyemjua angesifu. Lakini kadiri mzabibu unavyopanda, mstari unaanza kusitasita. Unakwenda kama mtu anayetembea peku juu ya changarawe. Kwenye ncha za majani kuna meno. Jani moja shingoni ameliinulia kisu mara tatu — nimeona alama, vidoti vitatu vyeupe. Pembeni yake amejaribu kulificha kosa kwa kuongeza jani jingine dogo, nalo limetoka baya zaidi.

Nilirudisha kitambaa vile vile kilivyokuwa, na mikunjo yake.

Jumanne, 11 Machi

Amemaliza. Hakuniita. Nilimkuta anasukuma baiskeli getini. Alisema kazi iko mezani, taa ya karakana yangu ni mbovu, macho yamemchoka, na anakwenda kwa binti yake siku chache kumwona mjukuu. Yote kwa pumzi moja. Hakungoja niseme neno.

Mke wangu aliingia karakana, jambo ambalo hafanyi, kwa sababu ya vumbi. Akakitazama chombo kwa muda mrefu. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Juzi, walipokuwa wawili jikoni, shemeji alimwambia: dada, mkono umeanza kunigomea. Hata vifungo vya shati ni vita. Naye dada mtu hakulia wala hakumpa pole; alichukua simu hapo hapo akamwekea miadi kwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu. Daktari huyo huja hospitali yetu mara chache. Atakuwepo tarehe 27. Shemeji alikubali! Mtu ambaye meno yake aliyang'oa mwenyewe kwa koleo, kwa kukwepa madaktari!

"Basi na wewe mwambie," mke wangu alisema.

"Nimwambie nini?"

"Unachokiona. Mwambie, shemeji, majani haya yametetemeka. Yeye anajua. Anangoja kuona kama tutamdanganya."

Nilisema nitamwambia akirudi. Nilisema kweli. Nilikuwa na nia hiyo.

Jumamosi, 15 Machi

Siku nne nimekuwa nikikizungukia kile chombo kama paka na maziwa ya moto.

Niandike nilivyofikiri, maana nilifikiri sana, na huko kufikiri sana ndiko kulikonipoteza. Nilimwona mkuu wa chuo akikifungua mbele ya walimu. Niliwaona wanafunzi wakiinamia kioo. Mtu mmoja angesema, hivi huyu ndiye Mstari? Na shemeji angekuwepo. Angevaa lile koti lake la kijivu. Nikamwona akisikia.

Kosa la kisu halifutiki kwa raba. Linafutika kwa njia moja tu: kurudisha chombo kwenye mashine na kukibambua ngozi yote, nyeusi na nyeupe pamoja, mpaka kwenye mti mpya. Na ukuta nilikuwa nimeuacha mnene. Ungeruhusu.

Leo asubuhi nilikifunga kwenye mashine. Nikawasha swichi.

Majani yalipoanza kuzunguka yaligeuka ukungu wa kijivu, hayakuonekana tena kama majani wala kama makosa. Nikasogeza patasi. Yalitoka kama utepe, mepesi, yakiniangukia kwenye viatu. Muda mfupi tu. Siku zake zote nne za kazi!

Nilipozima mashine nilikuwa na chombo cheupe, kitupu. Hapo ndipo nilipogundua sikuwa nimepanga la pili. Ningemwambia nini? Wino ulibanduka, tafadhali chora tena? Nimrudishe kwenye lile benchi, na mkono ule ule, peke yake, na kitambaa chake cha kufunikia?

Nimepaka wino upya.

Jumatatu, 17 Machi

Sebuleni kwetu kuna chombo cha zamani ambacho mke wangu huwekea funguo. Kina mzabibu wa shemeji wa miaka ile mkono wake ulipokuwa mkono. Tangu juzi jioni nimekuwa nikiuiga kwenye vipande vya mti nilivyopaka wino. Mara ya kwanza nilitoa majani kama masikio ya punda. Baadaye nikaelewa — hachori jani, anachora mzunguko wa bega. Kifundo cha mkono kinatulia, bega ndilo linalokwenda. Ni fizikia tu: nusu kipenyo kikiwa kirefu, mpindo unakuwa mpana na laini. Jana jioni niliacha kutazama chombo cha funguo. Mkono wangu ulishajua.

Leo nimechora mzabibu wote, kitako hadi shingo. Sikuinua kisu katikati ya jani hata mara moja.

Niseme ukweli, kwa kuwa hapa hakuna wa kunisikia: nilifurahi. Nilipokuwa shingoni nilikuwa nikipiga mluzi. Mkerezaji hukaa maisha yake yote akitengeneza tumbo la chombo, na watu wanasifu maua. Leo maua yalikuwa yangu. Furaha hiyo ndiyo inayonisuta sasa.

Mke wangu alileta chai. Alitazama. Hakuuliza kitu, maana majibu yote yalikuwa mezani.

"Ni mazuri," alisema. Halafu: "Masikini kaka yangu."

Akakusanya vile vipande nilivyofanyia mazoezi, akavipeleka jikoni kuwashia moto. Huyu mwanamke hapotezi kuni.

Alhamisi, 20 Machi

Amerudi.

Nilipanga kumwambia kwanza, kabla hajaona. Nilikuwa na sentensi tayari. Lakini aliingia kama kawaida yake, bila hodi, nami nilikuwa chooni! Nilipotoka alikuwa amesimama mbele ya chombo dirishani, mikono nyuma.

Sijui alisimama vile kwa muda gani. Kisha akageuka, na uso wake — sikumbuki mara ya mwisho kuuona uso ule. Kabla ya msiba wa mkewe, labda.

"Shemeji. Kumbe!"

"Kumbe nini?"

"Kumbe si mkono! Ni macho! Mimi nimekaa hapa nikiona mistari inacheza, nikasema basi, Mstari kwisha habari yake. Sikulala kule kwa binti yangu. Kumbe mstari umetulia tuli, ni macho yangu yaliyokuwa yanatetemeka! Na hiyo taa yako ya mazishi!"

Akanishika mabega, akanitikisa. Nilihisi mkono wake wa kulia ukitetemeka begani kwangu kupitia shati. Yeye hakuhisi. Au alihisi akauita furaha.

Sentensi niliyokuwa nayo ilikuwa na maneno sita. Nilifungua kinywa nikasema: "Taa nitabadilisha."

Ijumaa, 21 Machi

Mkuu wa chuo alikuja na gari kuchukua chombo. Alikizungusha, akasema tu, "Wazee!" Akauliza kama Mstari angekubali kuja kuwaonyesha wanafunzi jinsi anavyochora. Mbele yao, moja kwa moja, ukumbini.

"Hata kesho!" shemeji alisema.

Kesho chuo hakina vipindi. Wakakubaliana Alhamisi ijayo, saa nne.

Alhamisi ijayo ni tarehe 27.

Mkuu wa chuo alipoondoka nilimkumbusha shemeji. Miadi. Daktari. Alicheka mpaka akakohoa. "Daktari wa mishipa nimpelekee nini, shemeji? Mkono mzima? Si ataniuliza kama nimekuja kumchorea!" Alisema mwenye shida ni macho, na macho yana dawa yake: kesho anakwenda kupima miwani. Nafasi yake kwa daktari tumwachie mgonjwa.

Mke wangu alikuwa anaanika nguo. Aliacha shati mikononi, likidondosha maji miguuni pake, akanitazama. Miaka yote ya ndoa, amenitazama kwa hasira mara nyingi, nikazizoea. Hii haikuwa hasira. Alinitazama kama mtu anayengoja kuona nitafanya nini.

Jumanne, 25 Machi

Siku tatu hizi sikuandika. Sikuwa na la kuandika ila lile lile.

Jumamosi nilimfuata kwa fundi miwani. Alikuwa amevaa fremu ya kike, anamchekesha muuzaji. Sikusema. Jumapili alikuja kula kwetu. Alijimwagia mchuzi kifuani, akasema miwani mpya itakuwa tayari kesho, ataacha kukosea mdomo. Mke wangu aliondoka mezani. Sikusema. Jana nilikwenda kwake, nikamkuta uani ananoa kile kijisu kwa ajili ya Alhamisi. Ncha ilikuwa ikigonga jiwe — tik-tik-tik-tik — kama mvua changa kwenye bati. Anasikia sauti hiyo kama mimi. Nilimuuliza, mkono haukusumbui? Akanijibu ukiwa mezani kwenye kazi halisi unatulia wenyewe, chombo si nimekiona kwa macho yangu?

Chombo. Kila njia ya kumfikia inapita kwenye kile chombo, na mimi ndiye niliyeziba njia.

Jambo linaloniuma kuliko yote ni hili. Alikuwa ameshakubali! Kwa miguu yake mwenyewe alikwenda kwa dada yake akasema mkono unanigomea. Mtu mwenye kiburi kama chake, neno lile lilimgharimu. Alikuwa ameubeba ukweli wake mpaka mlangoni. Mimi nikaupokea, nikauweka kwenye mashine, nikaubambua.

Leo jioni mke wangu alisema: "Kesho yupo nyumbani asubuhi. Mwite, au nimwite mimi."

Nimesema nitamwita mimi.

Jumatano, 26 Machi

Naandika nikiwa karakanani. Ni asubuhi, jua linaingia mpaka chini ya benchi. Nina dakika chache.

Nimemwambia.

Alikuja akidhani namwita kumpa chombo cha kuchorea kesho. Na kweli nilikuwa nimekiandaa, kidogo, cheusi, kipo hapa mbele yangu. Nilimkalisha. Nilisimama kama niko darasani — tabia haifi. Nikasema: shemeji, majani yale si yako. Yako niliyafuta, kwa sababu yalitetemeka. Haya nilichora mimi.

Alinitazama. Nilijiandaa kwa matusi, kwa machozi, kwa mlango kubamizwa. Nilijiandaa kwa kila kitu isipokuwa kile alichofanya.

Alicheka!

"Wewe? Wewe, shemeji? Wewe ambaye barua yako ya posa nilikuandikia mimi kwa kuwa mwandiko wako ni wa kuku?"

Nikamweleza yote. Mashine. Wino. Chombo cha funguo. Bega na kifundo cha mkono. Alisikiliza akitikisa kichwa, kama mtu anayesikiliza uongo wa mtoto na kuvutiwa na ufundi wake. Basi nionyeshe vipande ulivyofanyia mazoezi, akasema. Viliwashiwa moto, nikajibu. Majani yangu mabovu je, yako wapi? Nimeyafagia. Akapiga makofi. Ushahidi mzuri sana huo, Mwalimu!

Alimgeukia dada yake, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote. "Dada, unamsikia mumeo?"

"Namsikia. Anasema kweli."

"Mke na mume mwili mmoja. Ushahidi wako haupokelewi." Lakini hapo kicheko kilikuwa kimeanza kupungua. Akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba ananielewa. Mimi nimekereza miaka yote na watu husifu nakshi. Ni binadamu kuona wivu. Na pengine dada ndiye aliyenituma, kwa kuwa amekazana na yule daktari wake. Amenisamehe. Lakini kesho atakwenda chuoni.

Nilisema: "Shemeji, nakuomba."

Akatazama mkono wake wa kulia, uliokuwa gotini. Akauweka wa kushoto juu yake, taratibu, kama mtu anayefunika chakula. Kisha akachukua kile chombo kidogo cheusi, akakiweka mbele yangu. Akatoa kijisu mfukoni — ameking'arisha, kimekuwa kama kioo — akakilaza pembeni.

"Kama ni wewe, chora. Jani moja tu. Ngoja nikachukue miwani mpya, nisije nikasema nimeona vibaya."

Alikwenda. Kwake ni nyumba ya pili kutoka hapa. Nasikia mlango wake unafunguka.

Alipokuwa anatoka niliona kitu usoni mwake ambacho hakikuwa kicheko. Alikuwa anaomba. Sijui alikuwa anaomba nini — niweze, au nishindwe.

Nikichora vibaya, ni rahisi. Masikio ya punda. Atacheka, atanipiga mgongoni, tutakunywa chai, na kesho saa nne atainua kijisu mbele ya ukumbi uliojaa, huku daktari akimwita mgonjwa mwingine. Nikichora vizuri, nitakuwa nimemnyang'anya mkono wake kwa mara ya pili, na safari hii akiwa anatazama, na miwani mpya.

Mke wangu ameweka vikombe viwili vya chai hapa mezani. Kimoja amekijaza nusu tu, kisimwagike. Ameniambia neno moja na kwenda zake.

"Usimhurumie tena."

Nimejaribu hapa pembeni ya ukurasa, kwa kalamu. Jani moja. Kutoka shina, kuzunguka ncha, kurudi shina. Mstari mmoja. Mkono wangu umetulia kama wa kijana. Laiti ungetetemeka, hata kidogo —

Lango limelia. Anakuja. Ameshaivaa miwani. Anasema, haya, Mwalimu, weka hiyo kalamu chini